Safari za boti za kupiga mbizi wakati wa janga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazamiaji, manahodha na vijana wa boti wamekuwa wakiniuliza tena na tena tangu korona ianze, mengine nimeyajibu mpaka nimeyakariri. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga tarehe 11 Machi 2020 na hali ya dharura ikaondolewa tarehe 5 Mei 2023, lakini ukurasa huu nimeuacha sababu magonjwa ya njia ya hewa hayajaisha, na ukija ugonjwa mwingine wa aina hiyo mambo mengi humu ni yaleyale. Kama serikali au mamlaka ya bandari mlipo imeweka masharti makali kuliko haya, fuata ya kwao.

## Mambo ya msingi

Je, naweza kuambukizwa nikiwa chini ya maji?

Ukiwa chini unavuta hewa ya mtungi wako mwenyewe kupitia regyuleta yako mwenyewe (kile kifaa cha kupumulia kinachounganishwa na mtungi), na unachotoa kinapanda juu kama mapovu, hakimfikii mwenzako. Bahari yenyewe ni kubwa mno na ina chumvi, na hakuna ushahidi kwamba watu waliambukizana korona kwa kuogelea kwenye maji ya bahari. Kwa hiyo ile dakika 45 mkiwa chini ndiyo sehemu salama kuliko zote kwenye safari nzima, labda tu mkianza kupeana regyuleta (angalia sehemu ya majini huko mbele).

Sasa hatari iko wapi?

Iko juu, kwenye boti. Hebu fikiria ile robo saa kabla ya kuruka: watu kumi wamebanana kwenye benchi mbili zinazotazamana, magoti yanagusana, injini inaunguruma kwa hiyo kila mtu anaongea kwa kupaza sauti, huyu anamfungia mwenzake mkanda, yule anapuliza kidomo cha regyuleta kutoa mchanga, mwingine anatema mate kwenye miwani afu anaisuuza kwenye ndoo ya wote. Kisha wakirudi wanapanda ngazi wanahema, kamasi zimetapakaa usoni (kila mzamiaji anajua, ukitoka chini pua inamwaga), na wa kwanza kuwapokea ni kijana wa boti ambaye uso wake uko sentimita 40 kutoka uso wao. Hapo ndipo pa kuhangaika napo.

Kipi kinaambukiza zaidi, hewa au kushika vitu?

Hewa. Mwanzoni mwa 2020 watu walihangaika sana na kupulizia dawa kila kitu, na kuna sababu, utafiti wa maabara wa mwaka huo ulionyesha virusi vya korona vinaweza kugundulika kwenye plastiki na chuma kisichoshika kutu hadi saa 72. Ila kugundulika siyo sawa na kuambukiza, na Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilisema uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu kwa ujumla ni chini ya 1 kwa 10,000.

Vifaa vya mbizi lakini ni kesi ya pekee kidogo, sababu kidomo cha regyuleta siyo kitasa cha mlango, kinaingia mdomoni kabisa na mate yanabaki ndani. Kwa hiyo usafi wa kinachoingia mdomoni na kinachokaa usoni usiulegeze hata siku moja, ila nguvu kubwa weka kwenye hewa: idadi ya watu, upepo, na nani kapanda akiwa anaumwa.

## Kabla ya kupanda boti

Nina mafua kidogo tu, naweza kuja?

Hapana. Na hili jibu lilikuwa hapana hata kabla ya korona, maana ukizamia umeziba pua na masikio utashindwa kusawazisha presha, unaweza kupasua ngoma ya sikio, na kama una makohozi mapafuni hewa inaweza kunaswa humo wakati wa kupanda. Kwenye mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo hewa iliyonaswa inataka kutanuka mara mbili ukifika usoni pa maji, na ikikosa njia inapasua.

Homa, kikohozi, koo kuuma, kuumwa mwili, kupoteza harufu au ladha, kuharisha, au umekaa na mgonjwa siku za karibuni: baki nyumbani, piga simu, tutapanga siku ingine.

Nikiahirisha nitapoteza hela yangu?

Hili nawaambia wenye boti zaidi kuliko wateja. Mtu aliyelipa, kaomba likizo, kasafiri, akiamka na koo linawasha na anajua hela hairudi, atameza dawa ya maumivu na atakuja. Nimeliona kwa macho yangu: boti moja niliyofanyia kazi ilikuwa na sharti la kutorudisha chochote ndani ya saa 48, kuna mteja alikuja anakohoa kwa kujificha nyuma ya taulo, anasema ni vumbi la barabarani, na ndani ya wiki wenzangu wawili walikuwa kitandani. Sikumlaumu yeye sana kama nilivyolilaumu lile sharti.

Kwa hiyo wakati wa janga mtu akisema anaumwa, mruhusu ahamishe tarehe bila makato na bila kumhoji kama mtuhumiwa. Kuna watu wananunua dumu la klorini kila wiki lakini sharti lao la malipo linamlazimisha mgonjwa kudanganya, na hapo klorini haina kazi.

Kupima joto kwenye gati si kunatosha?

Hakutoshi. Korona inaanza kuambukiza hata kabla ya dalili, kawaida dalili zinatokea kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, wengi kama siku ya 5, na wengine hawapati homa kabisa. Halafu kile kipimo cha kuelekeza usoni kinasoma ngozi: aliyesimama juani anaonekana ana homa, aliyetoka kwenye kiyoyozi au kwenye maji anaonekana wa baridi. Kitumie ukitaka, mpime mtu akiwa amekaa kivulini dakika kadhaa, lakini maswali ya ana kwa ana yaliyoulizwa kwa upole yanakamata wengi zaidi.

Kama vipimo vya haraka vipo, pimeni asubuhi ileile ya safari. Kikisema huna, punguza wasiwasi ila usivue barakoa, sababu vinaweza kukosea hasa siku za mwanzo.

Boti ibebe watu wangapi?

Usiangalie leseni inaruhusu wangapi, angalia watu wote wakiwa wamevaa vifaa wanakaaje. Njia yangu ni rahisi: kaa kwenye benchi umevaa mtungi na jaketi la kuelea, nyoosha mkono, kama unamgusa mtu ambaye hukuja naye basi mmezidi. Boti nyingi zinaishia nusu ya uwezo wao, wakati mwingine pungufu. Familia moja au marafiki waliokuja pamoja wanaweza kukaa pamoja, hao tayari wanavuta hewa moja.

Na makundi msiyachanganye, waliozamia pamoja asubuhi wabaki pamoja mchana, na kiongozi wao awe yuleyule, ili akitokea mgonjwa mnajua ni kina nani wa kupigia simu. Orodha ya waliopanda na namba zao iwekwe mahali pakavu, hiyo hiyo ndiyo mnayotumia kuita majina baada ya kila mbizi.

Nimepona korona, nirudi kuzamia lini?

Nenda kwa daktari kwanza, ikiwezekana anayeelewa mbizi, usijipime mwenyewe kwa kuwa tu unajisikia poa. Wasiwasi ni mapafu na moyo: ugonjwa unaweza kuacha makovu au sehemu zinazonasa hewa, na nimeshaeleza juu hewa iliyonaswa inafanya nini. Ikipasua, mapovu yanaweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo.

Miongozo ya mwanzo ya madaktari wa mbizi wa Ulaya ya 2020 ilikuwa ya tahadhari sana, aliyepimwa akakutwa nayo bila dalili asubiri kama mwezi mmoja, aliyelazwa kwa shida ya mapafu asubiri miezi mitatu kisha afanyiwe vipimo kamili vya mapafu pamoja na picha ya CT. Baadaye ililegezwa kwa walioumwa kidogo, lakini msingi haujabadilika: aliyelazwa, aliyewekewa oksijeni, au ambaye bado anahema akipanda ngazi, hashuki majini bila karatasi ya daktari. Kama ngazi za nyumbani zinakutoa pumzi, fikiria kuogelea na mtungi dhidi ya mkondo.

Nimechanjwa jana, nizamie leo?

Ngoja siku chache. Siyo kwamba chanjo inagombana na mbizi, ni kwamba uchovu, kichwa kuuma na maumivu ya viungo vinavyokuja siku ya kwanza hadi ya tatu vinafanana mno na ugonjwa wa mgandamizo (mapovu ya gesi yanayojitokeza mwilini mzamiaji akipanda juu), na ukipanda boti na maumivu ya bega hakuna atakayejua ni sindano au ni mapovu.

## Ndani ya boti

Barakoa niivae saa ngapi, na ikilowa je?

Vaa kuanzia gatini mpaka unapoweka regyuleta mdomoni. Yani mpangilio uwe hivi: vifaa vyote vimeshafungwa, miwani ya kuzamia iko tayari shingoni au kwenye paji, ndiyo unavua barakoa, unaiweka kwenye mfuko wako mkavu wenye jina lako, unavaa miwani na regyuleta, unaruka. Usikae dakika kumi bila barakoa unasubiri zamu.

Ikilowa itupe au iweke pembeni, barakoa iliyolowa ni ngumu kupumulia na haichuji vizuri, na kwa mtu aliyetoka kwenye maji anahema ni hatari kabisa. Beba angalau moja kwa kila mbizi na mbili za akiba, kwenye mfuko usioingiza maji. Ukipanda, nenda kwenye nafasi yako kwanza, futa uso na taulo yako, pumua vizuri mpaka utulie, ndiyo uvae kavu. Anayehisi vibaya baada ya mbizi asilazimishwe kuvaa.

Maelezo ya kabla ya mbizi tufanyeje bila kusongamana?

Fanyeni gatini, au injini ikiwa imezimwa. Sababu ya injini ni kwamba ikinguruma unapaza sauti, na kupaza sauti kunatoa matone mengi zaidi. Kuna kwaya moja jimbo la Washington, Marekani, Machi 2020, watu 61 walifanya mazoezi ndani kwa saa mbili na nusu na 53 kati yao wakaugua. Sasa mimi zamani nilikuwa na tabia ya kuwakusanya wote kwenye kabini nikichora ramani ya mwamba kwenye ubao mdogo, wote wameinama juu ya ubao ule, sauti yangu juu kabisa. Siku hizi ubao ni mkubwa, nautundika nyuma ya boti, kila mtu anaona kutoka alipokaa, nasimama upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu, siyo kutoka kwangu kwenda kwao.

Kwenye kabini kukaa ni sawa?

Kwa choo na kwa dharura tu. Na angalieni zile turubai za plastiki za pembeni: mvua ikianza mnazishusha zote, na hapohapo sitaha iliyokuwa wazi inageuka chumba. Bora mlowe kidogo, hata hivyo mmekuja kulowa. Mkilazimika kushusha, acheni pande mbili zinazotazamana wazi ili upepo upite.

Jambo ambalo wengi hawalijui, boti ikiwa inakwenda hewa inazunguka nyuma ya kibanda cha nahodha badala ya kupita moja kwa moja, pale ambapo moshi wa injini unarudi ndani ndipo na pumzi za watu zinakaa. Ukisikia harufu ya moshi ulipokaa, hama.

Bado naruhusiwa kutema mate kwenye miwani?

Usifanye hivyo kwenye boti yenye watu. Tumia dawa ya kuzuia ukungu au shampuu ya watoto, tone moja, sugua na kidole, suuza na maji ya chupa yako mwenyewe kwa kumwaga nje ya boti. Wazee wa mbizi wanalalamika kwamba mate ndiyo bora, sawa, fanya ukiwa ndani ya maji, umeshaelea mbali na wenzako.

Kukaguana vifaa kabla ya kuruka tuache?

Msiache kamwe! Mtungi ambao valvu yake haijafunguliwa unaua haraka kuliko virusi. Kinachobadilika ni namna: kila mtu anajikagua kwa sauti na kwa mikono yake huku mwenzake akiangalia kutoka hatua kadhaa, uzito huu, buckle hii, valvu imefunguliwa, geji ya presha inasoma baa 200, navuta pumzi mbili kwenye regyuleta na sindano haishuki. Penye lazima ya kugusa, kwa mfano mkanda wa mtungi uliolegea mgongoni, aguse mtu mmoja tu, barakoa ikiwa imevaliwa, kutokea nyuma.

## Vifaa

Ile ndoo ya kusuuzia miwani na kamera mmeiondoa kwa nini?

Kwa sababu ni supu ya mate na kamasi. Nakumbuka siku moja niliitazama vizuri kabla ya kuimwaga, mchana baada ya mbizi mbili, maji yana utelezi, nywele mbili tatu, na kijana mmoja bado anazamisha regyuleta yake humo humo. Kamera zina ndoo yake peke yake, hakuna kitu cha uso kinaingia humo. Miwani, snokeli na regyuleta kila mtu anasuuza kwa maji ya kumwagia, hose au chupa.

Regyuleta ya kukodi inaoshwaje iwe salama?

Anza na sabuni. Virusi vya korona vina ganda la mafuta na sabuni inalivunja, tatizo ni kwamba dawa yoyote haifanyi kazi juu ya uchafu, kwa hiyo usiruke hatua ya kusugua. Brashi ndogo, maji ya uvuguvugu, sugua kidomo ndani na nje, pale kwenye alama za meno na chini ya ile zipu-tai inayokishika ndipo ute unajificha.

Kisha klorini: dawa ya kufulia ya asilimia 5, vijiko vinne vya chai (kama mililita 20) kwa lita moja ya maji, inakupa asilimia 0.1. Zamisha hatua ya pili yote (sehemu ya regyuleta yenye kidomo), dakika moja ndiyo kima cha chini, mimi naacha dakika kumi. Kifuniko cha vumbi kiwe kimekazwa kwenye hatua ya kwanza (sehemu inayofungwa kwenye mtungi), na usibonyeze kitufe cha kusukuma hewa wakati iko kwenye maji bila presha, ukibonyeza valvu inafunguka na maji yanapanda kwenye hose mpaka ndani. Suuza kwa maji safi mengi, tundika ikauke kabisa. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, unapoteza nguvu.

Klorini usiichanganye na amonia, siki wala dawa nyingine ya choo, inatoa gesi ya sumu, na boti nyingi zinaweka dawa zote kwenye kabati moja dogo lisilo na hewa. Jaketi nalo linasahaulika: kile kidomo cha kujazia kwa mdomo kioshwe, na mfuko wa ndani usuuzwe.

Na kile kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza tukikaushe vipi?

Nafurahi mtu ameuliza. Karibu kila mzamiaji anakipuliza kwa mdomo kutoa tone la maji, mtungi baada ya mtungi, na kijana wa boti anayefunga vifaa vya watu wanane anafanya hivyo mara nane. Tumia kitambaa kikavu safi. Ukitumia hewa ya mtungi fungua kidogo sana na geuza uso.

Sanitaiza ya mikono iko sawa kwenye boti?

Ni sawa, yenye kilevi angalau asilimia 60, ila siyo karibu na oksijeni wala mtu anayejaza mitungi, hasa ya hewa iliyoongezwa oksijeni. Kilevi kinawaka, na penye oksijeni nyingi kinawaka vibaya sana. Anayeshika kisanduku cha oksijeni au kompresa (mashine ya kujazia mitungi) anawe kwa sabuni na maji sekunde 20, akauke. Mtu akiwa ameshapaka sanitaiza na dharura imetokea, mwingine mwenye mikono mikavu afungue mtungi wa oksijeni.

Kompresa inaweza kuvuta virusi ikavijaza kwenye mtungi?

Ndani ya kompresa kuna joto kubwa na presha kubwa, kwa hiyo uwezekano ni mdogo, lakini vichujio vyake vimetengenezwa kwa ajili ya mafuta, unyevu na gesi mbaya, havikutengenezwa kukamata virusi ambavyo ukubwa wake ni karibu maikroni 0.1. Kwa hiyo bomba la kuvutia hewa liwe juu, nje, upande wa upepo safi, na pasiwe kijiwe cha kupigia soga. Hilo lilikuwa sharti hata zamani kwa sababu ya moshi.

## Majini

Hewa ikimwishia mwenzangu, nimpe regyuleta yangu?

Mpe. Bila kufikiria. Mtu anayekosa hewa mita 18 ana sekunde, siyo siku 14. Kinachoweza kupangwa mapema ni kumpa ile ya akiba badala ya ile iliyo mdomoni mwako, kwa hiyo iwe imeoshwa kama nyingine, imefungwa kifuani anapoiona, na mwenzako umeshamwonyesha ilipo. Kupokezana regyuleta moja kwa mazoezi acheni kabisa wakati wa janga. Mazoezi ya kozi yafanywe kwa ishara, au kila mtu avute kwenye ya akiba yake mwenyewe.

Tukiwa tunaelea kusubiri boti?

Hapa watu wanajisahau, wanatoa regyuleta, wanasogeleana kusimuliana kuhusu kasa waliyemwona. Bakini na regyuleta au snokeli mdomoni na miwani usoni mpaka mko kwenye ngazi, hata kiusalama ndivyo inavyotakiwa kwenye mawimbi, na achaneni mita kadhaa ila muonane. Mmoja mmoja ngazini, wa pili asije chini ya mtungi wa wa kwanza.

## Dharura

Mtu katolewa majini hapumui, tumpe pumzi au tusukume kifua tu?

Kwenye korona watu wengi walisikia "sukuma kifua tu, usimpe pumzi" na hiyo ilikuwa kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla barabarani, ambaye damu yake bado ina oksijeni. Aliyezama moyo wake umesimama kwa sababu oksijeni imekwisha, kwa hiyo pumzi ni za lazima. Ndiyo maana boti inatakiwa kuwa na mfuko wa kupumulisha wenye kichujio, au angalau barakoa ya uokoaji yenye valvu ya njia moja, na watu wawili waliozoezwa kuutumia: mmoja anabana barakoa kwa mikono miwili isivuje, mwingine anasukuma kifua na kubonyeza mfuko. Wengine wote wasogee upande unakotoka upepo. Kama anayesaidia ni wa nyumba moja na mgonjwa, asisite kumpa pumzi pamoja na kusukuma kifua.

Ukiwa huna kifaa na huwezi kujilazimisha, funika mdomo wa mgonjwa kwa kitambaa na usukume kifua, hiyo ni bora mara elfu kuliko kusimama unaangalia.

Baada ya mbizi mtu amechoka, anakohoa, viungo vinauma. Ni korona au mgandamizo?

Chukulia ni ugonjwa wa mgandamizo mpaka daktari aseme vingine. Mpe oksijeni asilimia 100, mlaze, maji ya kunywa kama yuko macho na hatapiki, piga simu ya dharura ya mbizi. Dalili za mgandamizo nyingi zinajitokeza ndani ya saa 24, mara nyingi saa chache tu. Homa na kupoteza harufu vinaelekea kwenye maambukizi, ganzi, mguu kukosa nguvu na kushindwa kukojoa vinaelekea kwenye mgandamizo, lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Barakoa ya oksijeni ya kuachia lita 15 kwa dakika inatawanya pumzi zake, kwa hiyo mlaze mahali wazi, upande upepo unakoelekea.

Chemba ya mgandamizo (chumba cha presha cha kutibia ugonjwa huo) itampokea?

Hili uliza kabla ya safari, siyo baada. Wakati wa korona chemba zingine zilifungwa au zilipunguza wagonjwa, sababu ni chumba kidogo kilichofungwa na wahudumu walihitajika hospitalini. Nahodha apige simu asubuhi: mko wazi, mnadai kipimo, nani anampeleka? Kama jibu ni kwamba ya karibu imefungwa, zamieni kwa kubana: kina kidogo, muda mfupi, kupanda taratibu chini ya mita 10 kwa dakika, kituo cha kusimama mita 5 kabla ya kutoka kiwe kirefu kuliko dakika 3 mlizozoea. Au msizamie.

## Mambo ya pembeni

Safari za kulala botini siku kadhaa, mtu akiugua katikati?

Hapa nina msimamo mkali. Meli ya Diamond Princess ilikuwa na watu 3,711 Februari 2020 na zaidi ya 700 wakakutwa na korona, na ile ilikuwa meli kubwa yenye vyumba vingi. Boti ya kulala watu 16 haina pa kukimbilia. Kabla ya kuondoka chumba kimoja kiachwe kitupu, chenye dirisha linalofunguka na choo chake kama kipo, na nahodha ajue ni bandari ipi itakayokubali kumshusha mgonjwa, maana kuna bandari zilikataa. Mtu akiugua mbizi zinasimama kwa wote, siyo kwake tu: wenzake wanaweza kuwa wameshaambukizwa, na mnahitaji oksijeni yote iliyopo kwa ajili yake.

Naondoka kwa ndege kesho na natakiwa kupima, nipange vipi na mbizi ya mwisho?

Saa za kusubiri kati ya mbizi ya mwisho na ndege hazipungui kwa sababu ya kipimo: angalau saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za kurudia au za siku nyingi, na zaidi ya 24 kama kulikuwa na vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda. Kapime ndani ya muda huo huo wa kusubiri. Ukikutwa nayo hutaruka, kwa hiyo mwambie mwenye boti palepale, awapigie waliokuwa nawe.

Mgeni mmoja anakataa kuvaa barakoa na tumeshafika baharini.

Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu usalama wa chombo. Mchukue pembeni, usimwaibishe mbele ya wenzake, muulize kama ana shida ya kupumua, maana kama anayo hiyo ni sababu ya kutozamia leo. Akiendelea kukataa, anakaa nyuma kabisa upande unakoenda upepo na haingii majini, na safari ijayo masharti asaini kabla kamba haijafunguliwa.

Vijana wa boti wenyewe wakiumwa nani analipa siku zao?

Mwenye boti, na hili ni swali ambalo vijana wananiuliza kwa kunong'ona. Kijana wa boti ndiye anapanda kila siku, anapokea nyuso zote pale ngazini, anaosha regyuleta zote. Kama analipwa kwa siku na akikosa siku nyumbani hawali, atakuja na homa kama yule mteja wa taulo, na atakuja tena kesho yake. Mwezeshe kukaa nyumbani na malipo yake, weka jina la mtu wa akiba ambaye ameshazoezwa, na kama wa akiba hayupo boti ibaki imefungwa gatini siku hiyo.